Jina Lililotajwa Kwenye Arobaini ya Shangazi

Padri alipofika mahali pa kuwaombea wakubwa wa kanisa, nta ya mshumaa ilikuwa imeanza kunichoma kidole gumba. Ilikuwa arobaini ya shangazi. Kanisa letu la Kiorthodoksi, la mabati lisilo na dari, ikona tatu za karatasi zilizobandikwa kwenye ubao, sinia ya ngano ya kuchemsha iliyonyunyiziwa sukari, kama tufanyavyo tukiwakumbuka waliolala. Nje manyunyu ya Kiambu, yale yasiyokolea wala kukatika. Upande wa madhabahu yalikuwa yakilia kwa sauti kali, kwa sababu huko mabati ni mapya. Upande wetu, penye kutu, yalinong'ona tu.

“Tena tumwombee Baba yetu Mtakatifu, Patriaki Kirill…”

Nikainua kichwa.

“Bwana hurumia,” kanisa zima likaitikia, kwa ile sauti ya mazoea ninayoijua tangu utotoni.

Mahali pale napajua kwa moyo. Nilipokuwa mdogo jina lilikuwa Parthenios. Likaja Petros, aliyekufa katika ajali ya helikopta mwaka 2004. Kisha Theodoros. Watu walibadilika, mji ukabaki uleule: kila mmoja wao alikuwa “Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika yote”. Sisi watoto tuliyapenda maneno hayo mawili ya mwisho. Afrika yote! Na hapo kanisani tulikuwa watu arobaini, na mbuzi wawili mlangoni.

Sasa mji ulikuwa Moscow.

Nilitazama huku na huku nione nani ameshtuka. Hakuna. Wenzangu walikuwa wamelisikia jina hilo kwa miaka. Mimi ndiye niliyekuwa na muda mrefu bila kuja. Ila nilimwona baba mdogo, mstari wa mbele upande wa wanaume, midomo yake ikicheza kwa wakati usiolingana na wa padri. Padri alikuwa akitaja jina moja, yeye akitaja lingine.

Nimekaa na hilo wiki sita.

Ugomvi ulikoanzia

Nitaeleza kwa ufupi, maana wengi wetu tunaijua vita ya Ukraine kwa bei ya unga na mafuta, lakini vita ya makanisa iliyotangulia hatukuijua.

Kwa zaidi ya miaka mia tatu Waorthodoksi wa Ukraine walikuwa chini ya Moscow. Januari 2019, Patriaki Bartholomew wa Konstantinopoli, mji unaoitwa leo Istanbul, aliwapa Waukraine hati ya kujitegemea. Moscow ilikuwa imekwisha kukasirika kabla ya hapo. Oktoba 2018 ilikata ushirika na Konstantinopoli. Novemba 2019 Theodoros wetu wa Aleksandria naye akalitambua kanisa jipya la Ukraine. Moscow ikaacha kulitaja jina lake kwenye liturgia. Na tarehe 29 Desemba 2021, wiki nane kabla ya vifaru kuvuka mpaka, Sinodi ya Moscow, baraza la maaskofu wake, ikaunda utawala wake wa kanisa kwa ajili ya bara letu na kuwapokea makasisi 102 kutoka nchi nane za Afrika, wote kwa mkupuo mmoja.

Aleksandria ililalamika kwamba makasisi wake wanarubuniwa kwa pesa. Moscow ilisema wamekuja wenyewe, kwa dhamiri, kwa kuwa hawakubaliani na mambo ya Ukraine.

Mmoja wa waliohama baadaye ndiye aliyekuwa ameshika chetezo mbele yangu.

Dhamiri ya Ukraine, kijijini kwetu! Nilicheka moyoni. Kicheko hicho ndicho kilichonisumbua baadaye.

Hasira yenye intaneti

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na simu, na simu ina kila kitu. Nilisoma tena mahubiri ya Kirill ya Septemba 2022, siku chache baada ya Urusi kutangaza kuandikisha wanaume wa akiba, ambamo alisema askari anayekufa akitimiza wajibu wake anatoa sadaka inayoosha dhambi zake zote. Nilisoma jinsi Uingereza ilivyomwekea vikwazo mwaka ule. Nilisoma kwamba Julai 2023, Vladimir Putin alipowaalika viongozi wa Afrika St. Petersburg, Patriaki naye alihutubia mkutano ule.

Nikajiambia: basi hivi ndivyo inavyofanyika. Balozi anakuja kwa mlango wa mbele, kanisa linaingia kwa mlango wa jikoni.

Nilimkumbuka pia Martin Kimani, aliyekuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa, Februari 2022 kwenye Baraza la Usalama, akieleza jinsi sisi Waafrika tulivyorithi mipaka tusiyoichora, tukachagua kuishi nayo kuliko kuendelea kumwaga damu. Siku zile nilijivunia nchi yangu. Machi 2, kwenye Baraza Kuu, Kenya ilipiga kura ya kulaani uvamizi. Tanzania na Uganda zikajizuia. Nilibishana na rafiki yangu wa Dar hadi tukanyamaziana mwezi mzima.

Na sasa shangazi yangu alikuwa ameombewa na kanisa linalombariki yule aliyevamia. Nililiona hilo kama wizi.

Methali ya tembo na nyasi ilinijia, kama inavyomjia kila Mwafrika anayetaka kuandika juu ya mataifa makubwa. Nikaanza hata kuandika makala hii nayo. Niliifuta nilipokwenda kuonana na padri.

Padri na mabati yake

Alinikaribisha chai. Mke wake alikuwa akipima maziwa ya kuuza, akasalimu bila kuacha kazi. Niliuliza swali langu kwa adabu niliyoweza, lakini nadhani hasira ilionekana.

Hakukasirika.

“Binti yangu, miaka kumi na tisa nimekuwa padri. Makanisa manne kwa pikipiki yangu, mafuta yangu. Nimezika, nimebatiza. Siku moja wageni wakaja wakaniuliza, ‘Padri, unahitaji nini?’ Nikashindwa kujibu. Sikuwahi kuulizwa.”

“Ukajibu nini hatimaye?”

“Mabati.”

Akanyamaza, kisha akaongeza kwamba yalitosha nusu tu.

Nilimuuliza kuhusu vita, kuhusu watoto wa Ukraine, kuhusu yale mahubiri. Alisikiliza yote. Mahubiri alikuwa hajayasikia, nami namwamini. Kisha akaniuliza, bila kejeli, “Ukraine wewe ulishafika?”

Sijafika. Sijafika hata Lodwar, hapa hapa Kenya.

Nilitoka pale nikiwa na hasira pungufu, na hilo halikunifurahisha. Nilitaka nimkute ama msaliti ama mjinga, na hakuwa yeyote kati ya hao. Alikuwa mtu aliyeulizwa swali zuri na watu wasiofaa. Walau ndivyo ninavyomwona leo. Wiki ijayo sijui.

Shangazi mwenyewe, nimeambiwa, lawama yake ilikuwa moja tu. Moscow inafuata kalenda ya kale, kwa hiyo Krismasi yao huangukia tarehe 7 Januari. Padri alipoitangaza mara ya kwanza, shangazi alisimama kanisani akauliza: mwanakondoo tutamla lini, wakati watoto wamesharudi shule? Wakaafikiana kula tarehe 25 na kusali tarehe 7. Sinodi gani duniani ingemaliza jambo haraka hivyo?

Guka alibatizwa mara tatu

Baba mdogo ana miaka themanini na moja. Huniita maitũ, mama yangu, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Nilimkuta ameketi kwenye jua akimenya maharagwe.

“Siku ile kanisani ulikuwa unasema nini?”

“Theodoros.”

“Padri anajua?”

“Anajua. Mimi namjua tangu anakamua ng'ombe wa baba yake. Yeye ana lake, mimi nina langu.”

Kisha akanisimulia jambo ambalo nadhani nilishasimuliwa nikiwa mtoto nikalipuuza. Guka, baba yake, alibatizwa mara tatu.

Mara ya kwanza na Waskoti wa misheni ya Thogoto, alikojifunza kusoma. Mwaka 1929 misheni zikataka waumini waape kuacha tohara ya wasichana, kwa alama ya kidole gumba kwenye karatasi. Walioweka kidole wakaitwa kirore. Waliokataa wakajiita karinga, wakatoka, wakajenga shule zao na makanisa yao. Guka alikuwa karinga. (Shangazi hakuwahi kuliacha hili lipite bila neno. “Uhuru wao,” alikuwa akisema, “ulianzia kwenye miili yetu.” Kila ninaposikia wazee wakisifu ujasiri wa miaka ile, nasikia sauti yake nyuma yao.)

Walikuwa na makanisa, hawakuwa na mapadri. Wamisheni hawangewapa. Ndipo mwaka 1935 wakamleta Daniel William Alexander, askofu mkuu kutoka Afrika Kusini, wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika, lililoanzishwa New York mwaka 1921 na George McGuire, aliyekuwa kasisi katika harakati za Marcus Garvey, mpigania haki za watu weusi. Alikaa hadi 1937, akafundisha vijana, akawaweka wakfu, Arthur Gathuna akiwa miongoni mwao. Huo ndio ubatizo wa pili wa guka.

Kisha ikajulikana kwamba kanisa la Alexander lenyewe halitambuliwi na Waorthodoksi wa kale. Uganda, Reuben Spartas, kiongozi wa Waorthodoksi wa huko, alikuwa amekwisha kugundua hivyo, baada ya kuonana na Nikodemo Sarikas, padri Mgiriki aliyehudumia walowezi wa Kigiriki Tanganyika. Spartas na Gathuna wakageukia Aleksandria. Mwaka 1946 Aleksandria ikawapokea.

Hebu fikiria hapo kidogo. Wakulima wa Kikuyu, chini ya gavana wa Kiingereza, wamezungukwa na Waskoti, Waanglikana na mapadri wa Kikatoliki kutoka Ulaya, wanaandikiana barua na patriaki wa Misri.

“Kwa nini Aleksandria?” nilimuuliza.

“Kwa sababu ilikuwa mbali, maitũ. Na ilikuwa Afrika. Mzungu wa karibu anakutawala. Wa mbali anakupa baraka, anarudi kwake.”

Hapo methali yangu ilipovunjika. Nyasi hazichagui tembo. Hawa walichagua.

Serikali ilielewa vizuri sana walichofanya. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule na makanisa yao yalifungwa, Gathuna akatiwa kizuizini. Baba mdogo alikuwa na miaka minane. Anakumbuka nguzo za kanisa zikibebwa kwenda kujenga uzio wa kijiji walichorundikwa. Kwa miaka kadhaa hakukuwa na liturgia wala jina la mtu yeyote la kutaja.

Ubatizo wa tatu ulikuwa mwaka 1971, mkono wa Makarios, askofu mkuu aliyekuwa pia rais wa Kupro. Waingereza walikuwa wamemfukuzia Ushelisheli mwaka 1956 kwa kupinga utawala wao katika kisiwa chake. Walipomwachilia mwaka uliofuata alipitia Nairobi, na watu wetu hawakumsahau. Aliporudi akiwa rais alibatiza maelfu, akaweka jiwe la msingi la seminari Riruta. Guka alikuwa na karibu miaka sitini. Alipanga foleni na wajukuu.

“Kila mara walimuuliza jina,” baba mdogo alisema, “na kila mara alitoa lilelile. Yohana. Alisema hataki kumchanganya Mungu.”

Ndege ya rais

Nilirudi Nairobi nimejaa maswali mapya, na nikafanya kosa la kuyatafutia majibu saa saba za usiku.

Nilitaka kujua kama Moscow ya leo ni ajabu. Siyo. Septemba 1943 Stalin, aliyekuwa amefunga makanisa na kuua mapadri, aliwaita maaskofu watatu Kremlin usiku na kuwaruhusu kumchagua patriaki, kwa sababu vita ilimfundisha thamani ya kanisa. Na Januari 1949, Patriaki mpya wa Konstantinopoli, Athenagoras, alifika Istanbul akitokea Marekani kwa ndege ya Rais Truman. Ndege ya rais mwenyewe. Huyo ndiye aliyeketi kwenye kiti kile ambacho miaka sabini baadaye kilitoa hati kwa Ukraine, na Petro Poroshenko, rais wa Ukraine wakati huo, akaitumia kwenye kampeni yake kwa kaulimbiu ya jeshi, lugha na imani.

Hata Aleksandria yetu ya mbali ilikuwa na wakubwa wake. Maaskofu wake wengi walikuwa Wagiriki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Gathuna, aliyekwisha kuwa askofu, alivuliwa cheo baada ya kugombana na wakubwa, na kanisa likagawanyika mara ya kwanza. Wapo Kiambu waliokuwa hawasalimiani hadi juzi juzi. Alirudishiwa heshima baada ya kufa.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kabla ya 2021 tulikuwa na dini safi, na sasa siasa imeingia. Ilikuwapo tangu kidole gumba cha 1929.

Lakini kuna kitu bado kinakwama kooni. Guka alichagua jina la mbali ili amkwepe mtawala wa karibu. Aleksandria haikumtuma mtoto wa mtu yeyote vitani. Jina tunalotajiwa sasa limekuja na deni, na walioombwa kulilipa hawakuwapo wakati mabati yakiagizwa.

Nilidhani hapo ndipo makala ingeishia. Kisha nikarudi kijijini Jumapili iliyopita.

Kikaratasi

Kabla ya liturgia kwetu, watu huandika majina kwenye kikaratasi na kumpelekea padri ayasome madhabahuni. Karatasi hugawanywa kwa mstari katikati: walio hai upande mmoja, waliolala upande wa pili. Nilikuwa nikiandika ya kwetu, shangazi, shosho bibi yangu, guka Yohana, mama mmoja aliponigusa begani. Miwani yake ilikuwa imevunjika. Akaniomba nimwandikie.

Namfahamu kwa sura. Ni wa kijiji cha ng'ambo ya mto, na si Mwoorthodoksi, ni wa kanisa la Kipresbiteri. Kijana wake aliondoka mapema mwaka huu. Wakala wa Nairobi alimwahidi kazi ya ulinzi Urusi, kwa mshahara ambao hapa haupo. Kanisa halikuhusika, nisieleweke vibaya. Padri alisikia habari hizo kama wengine. Picha ya kwanza aliyotuma ilikuwa ya theluji. Ya pili alikuwa amevaa magwanda. Kisha kimya, tangu Agosti. Novemba 2025 serikali yetu ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wako katika vita ile upande wa Urusi. Mama huyo alikwenda Nairobi ofisi mbili, akaandikisha jina, akarudi.

Kwa padri alikuja kwa sababu kila mtu alimwambia: yule ana watu Moscow.

Na padri alijaribu. Alinionyesha simu yake baadaye: jumbe nne, tatu kwa Kiingereza na moja kwa Kirusi alichotafsiriwa na mashine, kwenye namba aliyoachiwa na wale waliomuuliza anahitaji nini. Zote zina alama mbili za kufika. Hakuna jibu.

“Basi atamtaja tu,” mama alisema. “Patriaki wao akitajwa, na mwanangu atajwe.”

Nikachukua kalamu. Nikamuuliza jina la ubatizo, akaniambia. Nikauliza, kabla sijafikiri ninachouliza, “Nimwandike upande gani, mama?”

Alitazama karatasi kwa muda, ingawa bila miwani nadhani hakuona hata ule mstari. Kengele ilikuwa imeshagongwa, na baba mdogo alikuwa akipita kwenda mahali pake mbele. Mama akanyoosha mkono, akaichukua kalamu, akaanza kuandika mwenyewe kwa herufi kubwa kubwa, katikati.